Pembe ya Nne

Alikuja kwa miguu. Hilo nampa.
Wenzake hupita barabara ya Budadiri
wakiturushia fulana na vumbi kwa pamoja,
yeye akapanda huku juu na fimbo,
suruali kaikunja, viatu mkononi,
daftari kalibana kwapani
na kijana mmoja nyuma, mzigo wa mabango kichwani.

"Sigawi sukari," alisema, hodi haijaitikiwa.
"Sigawi sabuni wala chumvi.
Anayekununua leo kwa kilo
kesho atakuuza kwa kilo."
Mama mkwe akairudisha kabatini
sahani aliyokuwa keshaitoa.

Nikamfudikizia ndoo, akaketi.
Akasema juu ya kahawa na mikono inayoila njiani
kabla haijafika mizani,
deni la serikali, ambalo wajukuu
watalikuta limewasubiri kama jina la ukoo,
shamba la babu lisiuzwe kwa mgeni mwenye mkoba,
nyumba iwe na baba, meza iwe na sala,
mtoto asimame mkubwa akiingia.
Kichwa changu kiliitikia. Sikukituma.
Mimi pia nataka watoto wasimame.

"Alama yangu ni kengele," akasema, "mtaiona kwenye karatasi."

Kengele naijua, Mwalimu Wamono.
Ilikuwa rimu ya lori kwenye tawi la mvule,
ikagongwa kwa nati,
nami nikaisikia nikiwa bado mtoni,
nikakimbia, maji yakinimwagikia mgongoni,
nikafika umefunga lango
na saa yako iko wazi kiganjani.

"Jina lako, mama?"
"Nabukwasi. Yunia Nabukwasi."
Kalamu ilianza vizuri, ikafika kwenye *k*,
ikasimama.

Mwandiko ule haujazeeka.
Uliniandika hivyohivyo mwaka wa tisini na nane,
shule nzima imepanga mistari uwanjani:
Nabukwasi Yunia, kidato cha tatu, amefutwa.
Sababu umeisoma kwa sauti, mara mbili,
maana upepo ulikuwa mkali.
Aliyenipa sababu hiyo alikuwa mstari wa nyuma,
kola imepigwa pasi.
Alifanya mtihani wake. Alifaulu.

"Shule ilikuwa na sheria," alisema,
akiitazama kahawa yangu juani.
"Najua. Ulitunakilisha."
Kijana wa mabango akakohoa.
Mama mkwe akakumbuka ana kitu jikoni.

Mvua ya Masaba haipigi hodi.
Ilishuka na wingu moja jeusi, tukakimbilia turubai,
mimi pembe hii, mama mkwe ile,
kijana kaacha mabango yaloe, kashika ya tatu,
na mzee, magoti yakilia, kaikamata ya nne.
Anajua kukunja, nisimnyime haki yake:
upande wa chini kwanza, maji yasipate mlango.
Tukaiburuta hadi barazani
tukasimama tunahema, wote wanne, kama jamaa.

Ndipo akauliza, polepole, bila sauti ya mkutano,
"Na yule mtoto? Yuko wapi?"
"Gimei yuko Mbale, anashona viti vya magari.
Hiyo pembe uliyoshika
huwa anaishika yeye."

Hakuiachia.
Alibaki ameibana turubai kifuani
hata mvua ilipokuwa matone ya paa tu.

Msamaha hakuomba.
Kura pia hakuomba tena.
Alikausha daftari kwa shati lake,
akamalizia jina langu, herufi zote, hakukosea,
akaondoka kwenda kwa jirani
akiteleza, fimbo ikitangulia.
Nikamsikia kwa mbali: "Sigawi sukari..."

"Utampa?" mama mkwe akauliza.
Nikatandaza kahawa upya.
Punje zilizolowa nikazitenga kwenye ungo,
hizo huwa naziamua mwisho.
Siku zimebaki kumi na tisa.