Deni la Sifuri

Dawa ya deni kulipa, na Mwachiro alilipa.
Elfu moja ya tairi, tena tuktuk ya watu,
mia kwa siku, siku kumi, hata ile Ijumaa ya mvua
Buxton ilipogeuka ziwa akaisukuma kwa bega.
Risiti zote kumi kazifunga kwa mpira wa nywele wa bintiye.

Na kompyuta yangu, hapa ghorofani Mwembe Tayari,
ikamwandikia bila haya:
Salio: 0.00. Hali: bado anadaiwa.

"Nadaiwa nini?"
"Sifuri."
"Basi nitajie bei ya sifuri niilipe, nipewe barua yangu."
Foleni ikacheka. Mimi sikucheka,
ile programu niliiandika mwenyewe.

Usiku, feni ikikata joto vipande visivyolingana,
nikapasua tumbo la hesabu, nikaiamuru isifupishe,
inionyeshe tarakimu zote, hata zile za aibu.
Ikatoa sifuri, nukta, kisha sifuri kumi na tano zimejipanga
kama viatu mlangoni pa msikiti,
na nyuma yao, peku: moja, tatu, nane...
Hilo ndilo deni la Mwachiro.
Ukilikwangua kwa wembe halitoi hata vumbi la shaba.

Kosa nalijua, na kosa ni langu.
Niliweka pesa kwa maelfu, mia ikawa sehemu ya kumi,
na mashine hii haijui kumi.
Inajua alichokijua mamangu Kongowea na mbaazi zake:
kibaba, nusu kibaba, robo, thumuni,
gawa mbili, gawa tena mbili, mkono hausiti.
Iombe ushuri uone.
Sifuri sifuri moja moja, sifuri sifuri moja moja,
itapima na kupima chombo kisijae,
mwisho huchoka, hufuta kwa kiganja
na kukuapia kuwa huo ni ushuri kamili.

Bibi alikuwa na senti kumi za zamani, ametunga uzi.
Miaka yote nikidhani lile tundu ni la uzi.

Haba na haba hujaza kibaba, tulikaririshwa.
Hatukuambiwa kwamba haba ya upungufu nayo ina kibaba chake.
Mama alipima kibaba cha tele kwa mjane wa jirani,
cha mfuto kwa aliyekuja na gari.
Naye alikosea, kila siku,
lakini alijua anamkosea nani.

Alfajiri nikaibadili: kila kitu kwa senti, nambari nzima,
nukta isipate tena pa kuelea.
Saa nne barua ikatoka.
Mwachiro akaisoma mara mbili, ya tatu kwa kidole.

"Na kile kidogo?"
"Kimefutika."
"Kakifuta nani?"
Nikajifanya natafuta muhuri.
Akatoa shilingi moja, akaibandika juu ya kaunta.
"Mie sitaki kuja kuulizwa akhera."
Akashuka ngazi. Chini, tuktuk ikakohoa, ikakubali.

Jioni nimefunga hesabu. Zimelingana hadi senti,
ila shilingi ingali mezani
na programu mpya haina safu ya kuiandika.