Shusha Namba Inayofuata

Darasa la nne, Mpondwe, saa tatu na robo asubuhi.
Chaki imebaki kipande, kama jino la mtoto.
Nimechora ile nyumba isiyo na ukuta wa kulia:
paa refu, mlango kushoto,
sita amesimama mlangoni kama karani wa forodha,
ndani mia sita ishirini na nne wanangoja kukaguliwa.

Kitabu cha mwalimu kina maneno marefu ya Kizungu.
Nimeyaweka kando.
Hapa kila mtoto amelala akiwasikia wapagazi wa mpakani
wakilizunguka lori usiku: Shusha! Shusha!
Basi nasi tunashusha.
Gawa, zidisha, toa, shusha.
Sauti sabini na tatu, bati linatetemeka.
Moja moja, nawaambia.
Hakuna lori linaloshushwa lote kwa mkupuo.

Sita ndani ya sita? Mara moja.
Iandike juu, juu ya sita yenyewe, usiipeleke kwa jirani.
Sita toa sita, hakuna kitu. Shusha mbili.
Sita ndani ya mbili?
Kimya.
Hapa ndipo tunapopotea kila mwaka.
Kabugho hangoji. Anairuka mbili kama anavyoruka mfereji,
anashusha nne, sita mara nne ni ishirini na nne,
anapiga mstari kwa rula iliyovunjika:
Kumi na nne, mwalimu. Imeisha, haina baki.

Simwambii amekosea.
Nasema, hizi ni kilo za kahawa.
Wanaogawana ni sita, mama yako ni mmoja wao.
Umempa kumi na nne. Jumlisha za wote.
Anahesabu kwa vidole, kisha kwa midomo tu:
themanini na nne.
Na kilo zilizoingia ghalani?
Anatazama ubao. Anautazama tena.
Mwalimu, anauliza polepole, nani amekula zile nyingine?

Darasa linacheka. Yeye hacheki.
Uso huo nimewahi kuuona kwa mama yake,
siku moja, mbele ya mizani ya mnunuzi,
gunia tupu limekunjwa kwapani.
Kabugho anafuta kwa kiganja,
kati ya moja na nne anaandika sifuri,
sifuri nene, anaikoleza mpaka penseli inatoboa karatasi.

Madawati tunayo tisa.
Mpaka Pasaka walikuwa sabini na wawili, wanane wanane;
nililionea fahari darasa langu
kama hesabu ya mfano kitabuni.
Kisha akavuka Lubiriha na shangazi yake
mvulana mwenye jerikeni ya njano na kaptula ya kaka yake.
Kasereka. Nasi tuna Masereka wetu:
jina ni lile lile la mtoto wa tatu,
mto umebadilisha herufi moja.
Anakalia jerikeni yake, chini ya dirisha.

Siku nilipofundisha baki aliinua mkono.
Mwalimu, hiyo inayobaki unaipeleka wapi?
Unaiandika pembeni, nikasema.
Pembeni, akarudia,
kama mtu anayeonja chumvi ya Katwe kwa ncha ya ulimi.
Mkono wangu ukabaki ubaoni bila kazi.

Jumatano Kabugho hakuja. Kahawa imeiva,
ameonekana mapema akipanda mlima na kikapu.
Masereka akasogea, akagonga dawati mara mbili,
Kasereka akainuka, akaketi.
Wanane wanane.
Nikaita majina, nikagawa vitabu,
kila kitu kikaingia sawasawa.
Jerikeni peke yake chini ya dirisha.

Nikageukia ubao.
Sita ndani ya mbili?
Sifuri, mwalimu! wakajibu, hakukosea hata mmoja.
Nikaiandika nene,
nikairudia juu yake tena na tena,
mpaka chaki ikaisha.