Vidole Viwili

Baiskeli ya shangazi Skaidrite iliibwa vuli ile
alipokwenda dukani kununua chumvi ya kuhifadhia uyoga.
Imerudi leo, miaka thelathini na mmoja baadaye,
imeegemezwa palepale, chini ya dirisha la jikoni,
mnyororo unang'aa grisi, matairi mapya,
kengele ileile yenye kovu la kuanguka
kwenye daraja la matofali la Kuldiga.
Hakuna barua. Theluji ya Machi ilishafuta nyayo.

Wamekuja kuitazama kama watazamavyo maiti au mtoto mchanga:
mikono nyuma, sauti chini.

Mchungaji Arvids akavua kofia.
"Toba," akasema, "haishiki kutu."
Alilipenda neno lake; tutalisikia tena Jumapili.
Kwake binadamu ni mdeni tangu tumboni,
na kila usiku kuna mtu anagonga mlango
akiwa ndani.

Daktari Ilgvars hakuvua kitu.
Alipata kumtibu, alisema, mzee mmoja wa Talsi:
uvimbe mdogo kama dengu nyuma ya paji la uso
ulimfanya agawie wapita njia kuku wake wote.
"Msiuite wema kabla hatujapiga picha ya kichwa."
Kisha akaijaribu kengele, mara mbili, kama mtoto.

Talivaldis, aliyeshika daftari za kiwanda cha viberiti
hadi kikafungwa na yeye akabaki na kalamu,
akahesabu: matairi, mnyororo, rangi, siku tatu za kazi.
"Hasara tupu. Basi ni mwehu, au ni tajiri."
Mtu ambaye hesabu zake hazifungi
humkosesha Talivaldis usingizi.

Vizma wa jirani akacheka tu.
"Ninyi wanaume! Mtu huiba baiskeli ya mjane
ili mjane apite kwa miguu mbele ya nyumba yake."
Tukamtazama shangazi.
Shangazi akamtazama paka.

Nami, niliyesoma falsafa Riga miaka miwili na nusu
nikarudi na madeni na koti la mtumba,
nilikuwa na majibu matano, yote ya watu wengine.
Nikachutama kukaza skrubu,
ndipo nikakiona kiti.

Nguzo yake ina pete ya kutu
pale kilipokazwa zamani, shangazi akiwa na miaka arobaini na mitatu
na miguu ya kurukia moto mkesha wa kiangazi.
Sasa kimeshushwa.
Vidole viwili chini ya pete.

Shangazi amepungua. Uzee umemla kama panya,
aumaye huku akipuliza,
na mimi ninayekula naye meza moja sikuona.
Kuna aliyeona: sokoni, kanisani, foleni ya duka la dawa,
akampima kwa jicho, akaenda zake,
akachukua spana.

Nikawaonyesha. Mchungaji akafungua mdomo, akaufunga.
Daktari akaweka vidole vyake pale
kama anayetafuta mshipa.
Talivaldis akauliza ni spana namba ngapi.

Ningependa kusema tulielewa.
Aliyeiba na aliyepima ni mtu mmoja, au wawili,
au mmoja aliyekuwa wawili
miaka yote thelathini na mmoja,
akinunua mkate mweusi, akitusalimu.
Vizma alikwenda kuchemsha chai, macho mekundu,
akisingizia baridi.

Shangazi alipanda bila kuomba mkono.
Miguu yote miwili ikagusa ardhi, sawasawa.
Akabana breki, akaguna.
"Ya nyuma hajaigusa," akasema.
"Yule hajawahi kumaliza kazi."

Kabla hatujauliza yule nani
alishapinda kona ya posta,
bila kupunguza mwendo.