Muhogo wa Juu ya Boma

Ukifika Pujini usitafute mnara.
Hakuna. Kuna mgongo wa ardhi tu,
umelala kama ng'ombe aliyeshiba,
na ubavuni mwake handaki lililosahau maji.
Wageni husimama juu yake, huniuliza:
"Ngome yenyewe iko wapi?"
Nawajibu: mmeikanyaga.

Udongo huu haukuja wenyewe.
Pakacha kwa pakacha, kichwa kwa kichwa,
mmoja akitua, mwingine anajitwisha.
Aliyeamrisha, jina lake lingali midomoni mwa watu;
wa pakacha hawakuachiwa hata herufi.

Bibi yangu, Mkasi binti Faki,
alilima hapa miaka arubaini.
Alisema udongo uliopandishwa kwa jasho
haukosi rutuba.
Muhogo wake mweupe, hauna nyuzi,
na mwaka wa njaa nusu ya kijiji
ilikwea huku na visu na vikapu.

Kisha ikaja gari ya Mambo ya Kale:
kamba ya kupimia, saruji, nguzo mbili, kibao.
MARUFUKU KULIMA. KUCHIMBA. KUCHUNGA.
Bibi hakujua kusoma; nilimsomea mimi.
Akalikung'uta jembe lake, taratibu,
kama anayemvua mtoto nguo.
"Basi ukuta umeanza kazi tena," akasema.
"Karne zote hizo, na bado unafukuza watu."

Sasa mlinzi ni mimi. Nina kofia,
kitabu cha wageni, na mshahara unaochelewa.
Masika yakipiga boma hushuka kidogo,
konzi kwa konzi, hadi njiani.
Niliuliza: niurudishe kwa pakacha?
Wakasema usiguse, uache ulivyo.
Basi nautazama ukienda.

Ila kwenye kona ya mashariki,
kila mwaka, muhogo wa bibi huchipua wenyewe
kutoka vijiti alivyovisahau,
kama hakuvisahau.
Afisa Bakar Shaame aliuona mwaka jana.
"Ng'oa huo," akaniambia.
Nikasema: kung'oa ni kuchimba, bwana.
Akakitazama kibao. Akavitazama viatu vyake.
Akafungua daftari, akaandika neno, akalifunga.

Sijui aliandika nini.
Sijachimba hata mmoja.
Mizizi inanenepa humo gizani,
na kona ile, ile peke yake,
mvua haijaiteremsha.