Tatu Nukta Saba Nukta Mbili

Barua ilifika Jumanne, nikimenya karanga,
kutoka kwa mtu nisiyemjua, wa nchi ambayo saa zake
sijui kama ni za kulala au za kuamka.
Hakunisalimu. Aliandika: mstari wa elfu moja mia nane na sita,
chumba kimerudishwa, ufunguo haujarudi.

Nikaelewa. Hapa Soroti, nyuma ya soko,
mama anapangisha vyumba vinne vya bati.
Mpangaji akihama, mama hufagia, hupiga chokaa,
humwingiza mwingine na godoro lake na jiko lake.
Mwaka juzi yule wa chumba cha tatu aliondoka na ufunguo.
Hakuiba siku ile. Alisubiri
mpaka ndani kukawa na cherehani.

Ndivyo inavyokodishwa kumbukumbu ya mashine:
msimbo wangu unaachia nafasi, unaaga,
kisha, kwa ajili ya faili moja la mitindo
lililopindwa na mtu kwa makusudi,
unarudi usiku, unashika kitasa kilekile,
na ndani pana mwingine.

Mstari ule niliuandika mimi.
Naukumbuka: mvua, mwanangu Emolu ana surua,
nikasema nitaurudia Jumatatu.
Zimepita Jumatatu mia tatu na kitu.

Kazi yenyewe ni ndogo ukiieleza.
Data huja uchi; karatasi ya mitindo huivisha:
hapa kichwa, hapa jedwali, hapa jina kwa wino mzito.
Maktaba yangu ni sindano tu, katikati.
Niliiacha wazi, achukuaye achukue, asiniulize bei.
Wakachukua. Benki zikachukua.
Hakuna aliyenitumia hata Yaka ya shilingi elfu tano.

Siku kumi na nne tulipatana kunyamaza, mimi na yule mgeni,
maana tundu likitangazwa kabla ya kiraka
mwizi humtangulia fundi.
Nikaenda kanisani nalo. Nikanunua sukari nalo.
Wifi yangu Apolot akaniuliza, mbona umekonda?
Nikamwambia malaria.

Kiraka, mistari sita.
Majaribio, mia tatu na kumi na mbili.
Kwenye la mia mbili na tisa umeme ukakatika;
nikamalizia kwa sola ya kinyozi wa jirani,
mashine yake ikinguruma juu ya kichwa cha mtoto wa shule
aliyekuwa akilia kwa adabu.
Moja ya mwisho ikawa mbili.
Nikabonyeza. Nikalala na viatu.

Huko mbali walisasisha kabla hakujapambazuka.
Lakini zahanati ya Kumi,
pale mama anapopimiwa sukari kila mwezi,
bado wanachapisha majibu kwa toleo la pili, nukta sifuri,
nililowawekea mwenyewe, kwa mikono hii.
Nikampigia karani, Okwalinga.
"Linafanya kazi," akasema.
"Ng'ombe anayetoa maziwa, unamhamishia zizi la nini?"

Lori la machungwa lilikuwa linakwenda Mbale.
Nikaketi mbele, flashi ndani ya sidiria,
kwenye mapaja machungwa matano ya kumlainisha mtu.

Alisimama nyuma yangu akila la pili
wakati namba zikipanda kwenye kioo.
Tulichapisha jibu moja kujaribu, la mama.
Akaliinua dirishani, akalilinganisha na la mwezi uliopita,
mstari kwa mstari, kama mtu anayekagua noti.

"Mbona ni lilelile?"
"Ni lilelile."
"Umetoka Soroti kwa hili?"

Sikujibu. Akanitazama kwa huruma kidogo,
kisha akanyoosha kidole chenye maji ya chungwa:
"Basi, kwa kuwa umeshafika,
hiki kichwa cha juu kimeegemea kushoto.
Tangu mwaka ule ulipokiweka.
Huwezi kukisogeza?"