Nilipozima Kipaza Sauti

Kazi yangu ni kusema juu ya sauti za watu.
Mkorea akilia, mimi ndiye ninayelia Kiswahili;
Mhindi akiapa kisasi, kiapo ni changu,
nimekitia chumvi ya Tandale, na watu wamepiga benchi.
Mia tano mlangoni, mia tatu kwa mwenye sare ya shule
(Shomvi hupokea sare, haulizi kwa nini haiko darasani).

Miaka tisa. Nimejifunza filamu kwa mdomo,
kama mpishi anavyojifunza ndimu.
Muziki ukipanda kabla mlango haujafunguliwa,
najua mwongozaji hamwamini mwigizaji wake.
Picha ikikatwa kila sekunde mbili
kuna kitu kinafichwa, na mara nyingi ni hadithi.
Na hizi zetu za nyumbani, nisiseme uongo,
ile sebule ya Mbezi, kochi jekundu, maua ya plastiki:
kochi hilo nimeliona likiolewa mara sita,
likifumaniwa, likirogwa, likirithi nyumba,
na kila mara nimesema, "Pesa ina mambo, jamani!"
kwa sababu kamera nayo ilisema hivyo,
imesimama mbali, kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu.

Juzi Shomvi kaleta flashi isiyo na jina.
"Ya binti mmoja, Tumpe Mwakalinga.
Kaipigia hapa hapa, kwa Mtogole. Ichangamshe."

Nikaanza: "Wapenzi watazamaji…"
Kisha kamera ikakaa chini.
Nasema ilikaa, kama mtu anavyokaa mkekani,
usawa wa beseni, usawa wa miguu ya meza.
Mwenye nyumba akaingia, na hakuwa na kichwa:
mkanda, kitambi, shada la funguo.
Fremu ilimkata shingoni, haikuomba radhi.
Nikasema, "Fundi kakosea, kichwa kimebaki nje!"
Wakacheka. Nami nikacheka.

Akaja mara ya pili bila kichwa.
Mara ya tatu kicheko kikapungua,
kikawa maji ya bomba siku ya mgao.
Maana mtoto aliye mkekani,
anayepanga vifuniko vya soda,
ndivyo anavyomjua: kwa funguo.

Halafu mama. Anafua shati.
Hatujaambiwa la nani. Muziki hakuna.
Feni ya kwenye filamu inakoroma, feni ya Shomvi inakoroma,
nikashindwa kujua ipi ni ipi.
Sekunde kumi. Mdomo ukatafuta neno.
Ningeweza kusema, "Anamkumbuka mumewe."
Ningeweza, "Kodi imemfika hapa."
Yote yangekuwa kweli, na yote yangekuwa mate yangu
ndani ya beseni lake.
Ishirini. Thelathini.
Anakamua, anakung'uta, analitazama kola,
analirudisha majini.

Nikazima kipaza sauti.

"We Kaselo, betri imekufa?"
"Rudisha hela!"
Kijana wa mbele akapiga mluzi.
Mama Zawia wa mihogo, ambaye huja kulala tu
kwa kuwa kwetu kuna feni,
akasema bila kugeuka:
"Hebu mwacheni afue."

Sisemi haina dosari. Mwisho kauharakisha,
ukuta wa buluu umeungua kwa jua la saa saba,
na kile kilio cha mtoto, mtu alikuwa pembeni anamfinya.
Shomvi kanikata elfu mbili:
ananilipa kwa maneno, anasema, si kwa pumzi.
Kesho ni ya Wachina, watu wanaruka juu ya mapaa.
Nitasema. Nitaruka nao. Nina watoto.

Ila usiku ule, kurudi chumbani,
mwenye nyumba wangu alikuwa amesimama mlangoni.
Nilianzia kwenye kandambili, nikapanda
hadi mkanda, hadi funguo.
Ana kichwa, nadhani.
Sikufika huko.