Mikate Thelathini na Miwili

Tanuri letu hapa Kutaisi limechimbwa kama kisima,
na ukutani mwake, ndani, hunata mikate thelathini na miwili.
Wa thelathini na tatu huanguka majivuni.
Kaka yangu Nugzar anayajua haya kwa vidole vilivyoungua,
kwa hiyo sikuelewa kwa nini alishangaa
siku Zaur, dereva wa lori la magogo,
alipobofya simu alipie mikate miwili
na mtandao ukamjibu: subiri,
au ongeza ada.

Ada ilikuwa bei ya mikate tisa.

"Leo kamba imempita ng'ombe kwa bei," Zaur akasema,
naye alikwishaumega mmoja ncha, anatafuna.
Nikaandika deni kwa penseli.
Siku kumi na nne malipo yale yalikaa barazani mwa dunia
pamoja na laki mbili ya wenzao,
mwenye bahasha nene akiitwa kwanza,
kisha yakafutika
kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kula.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Ila kibaba kikishajaa
haba inayofuata ikalale wapi?

"Wapanue bloku!" Nugzar akafoka, unga hadi kwenye nyusi.
"Nani kasema kipimo kile kilishuka mbinguni?
Baba alilichimba tanuri hili mara mbili,
na la pili ndilo lililotulea."

Vazha alipiga simu kutoka Mestia,
theluji imemfikia madirishani.
Kule juu anayo kompyuta aliyoiacha baba,
feni yake inakoroma kama mzee mwenye pumu,
na usiku kucha inakagua kila bloku, kila muamala,
wa mkulima na wa bwana mkubwa,
bila kumwomba mtu ruhusa.
"Panueni," akasema, "nayo itasongwa.
Daftari litahamia kwa matajiri watatu wenye maghala,
nawe utakwenda kuuliza salio lako mlangoni pao,
kofia mkononi.
Tanuri pana, kaka, lataka kuni nisizokuwa nazo."

Mimi ndiye niliyeishika simu, mikono ina hamira.
Kila aliposema huyu, niliona kweli.
Aliposema yule, niliona kweli,
na mikate iliungua.

Miezi minane.
Huyu akamwita yule mchuuzi wa foleni,
yule akamwita huyu mlafi wa nafasi,
na siku ya arobaini ya shangazi Mzevinar
walikaa ncha mbili za meza
wakaniagiza mimi chumvi.

Kisha Jumanne moja mnyororo ukapasuka.
Maji yalikuwa yamezidi unga.
Akiba ya baba, tuliyolala nayo ikiwa moja,
tuliamka nayo ikiwa mbili:
kiasi kilekile huku, kiasi kilekile kule,
kila upande ukiapa kwamba ndio mtoto wa ndoa.
Nugzar akauza ya bloku ndogo, akanunua ya bloku kubwa.
Vazha akafanya kinyume chake, saa ileile.
Sina ushahidi, lakini nadhani
kila mmoja alikinunua alichokitupa mwenzake,
na wote wawili wakalipa ada.

Pasaka Vazha aliteremka,
kompyuta ya baba begani, kaiviringisha shuka.
Nugzar alikuwa ameinama tanurini. Hakugeuka.
Akaung'oa mkate kwa ndoano, akauweka kaunta,
upande wa ndugu yake.
Vazha akapapasa mfuko, akatoa noti ya lari tano.
"Bei gani?"
"Ngoja," Nugzar akasema. "Sina chenji."

Wakangoja.
Nami katikati yao na penseli yangu,
deni la Zaur bado halijafutwa,
nikaanza kuhesabu kimoyomoyo
zile thibitisho sita zinazotakiwa
kabla malipo hayajaaminika.
Nilifika nne.
Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango.